Boga la Mama Mboga

Jumamosi iliyopita nilipita mahali tulipokuwa tukiishi zamani, kwenye zile nyumba za wafanyakazi mjini Voi, si mbali na reli. Sikuwa na shughuli yoyote huko. Nilikuwa nimetoka kununua neti ya kufunikia miche yangu ya mchicha, nikashtukia miguu imekata kona yenyewe. Nyumba yetu bado ipo, wameipaka rangi ya krimu. Lakini uani, mahali Baba alipokuwa na shamba lake la mboga, wameweka kabro, yale matofali ya saruji ya kutandaza chini, kutoka ukuta hadi ukuta, na magari matatu yameegeshwa juu yake. Nilisimama pale nikitazama mpaka askari wa langoni akaja kuniuliza natafuta nani. Nikamwambia natafuta kabeji. Akanitazama kama mtu asiyejua aite daktari au alete kiti, na mwisho akaleta kiti.

Basi keti nawe nikusimulie, maana ukiona kabro hutaamini.

Baba alikuwa karani. Kalamu ndiyo iliyotulisha. Shamba lilikuwa raha yake, na kama ujuavyo, mtu husumbuka zaidi kwa raha yake kuliko kwa kazi yake. Alizaliwa Chawia, kule juu mlimani ambako ukungu huamka kabla ya watu na kabeji hukua mwenye shamba akiwa amelala. Kazi ilipomshusha Voi, kwenye vumbi jekundu na jua la kukaanga yai, aliapa kwamba atakula kabeji ya mkono wake hapa hapa. Ukimwambia, "Baba, hapa ni Voi," alijibu kwamba udongo ni udongo. Akitoka ofisini alivua viatu, akakunja suruali ya kazi mpaka magotini, akaingia uani akipiga mluzi. Mama alisema afadhali wanaume wa wenzake waliokwenda kwenye ulevi, kwa sababu hao angalau hawakurudi na matope.

Tatizo lilikuwa maji. Mfereji ulitoa maji siku mbili kwa wiki, na siku hizo zenyewe zilikuwa na vituko vyake. Pengine ulifungua ukasikia upepo tu ukikoroma kwenye bomba. Kwa hiyo Baba alitunga sheria. Kila mtu nyumbani aoge ndani ya karai, na maji yake, akishamaliza, ayabebe mwenyewe mpaka uani akamwagie kitalu chake. Kaka yangu alikuwa na kitalu, Mama alikuwa na kitalu, Baba alikuwa na viwili, nami niliyekuwa na miaka saba nilipewa kipande cha pembeni, karibu na ukuta wa choo. Sabuni ilikuwa ya kugusa tu. Baba alisema haba na haba hujaza kibaba, nasi tukitoka na makarai yetu jioni tulitembea kwa hatua za bibi harusi, tusimwage tone. Mimi nilikuwa mdogo wa mwili, kwa hiyo nilipimiwa maji kidogo. Hilo lilinikera sana, na dawa niliyoipata ilikuwa kujichafua. Nilijigaragaza kwenye vumbi nyuma ya nyumba hadi Mama akaniangalia na kusema, "Huyu hawezi kulala hivi, mpeni karai la pili." Majirani walidhani mimi ni mtoto mkorofi. Kumbe nilikuwa mkulima.

Sasa nikutambulishe kwa mama mboga. Alizaliwa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, akaolewa huku Voi, na shamba lake lilikuwa upande wa Ndara, pale mashamba yanapoishia na ranchi inapoanza. Kila asubuhi, chai ikiwa jikoni, tulisikia beseni likitua kwenye veranda, kisha pumzi ndefu, kisha sauti: "Wenyewe, mko?" Alikuwa na kunde, mnavu uliofungwa kwa ukindu, bamia, na ndimu zenye harufu ya kukufumbua macho. Alipenda kumtania Baba. "Karani," alimwambia, "ukiendelea na hilo shamba lako nitakosa wateja, itabidi nije nifanye kazi ofisini kwako." Baba alimjibu kwamba ofisi ina wakorofi wa kutosha.

Lakini mboga hizo zote zilikuwa kisingizio. Tulichomngojea ni boga lake. Lilikuwa bapa kama kigoda, ngozi ya kijivujivu yenye madoa ya kijani, na chini lilikuwa na kitovu kilichochomoza kama cha mtoto mchanga. Ndani lilikuwa na rangi ya chungwa iliyokolea. Likichemshwa halikuwa na majimaji. Lilikuwa kavu, tamu, la kukwama kooni mpaka ulishushe kwa chai ya rangi. Mama alikuwa akilipondea ndani ya kimanga, muhogo na maharagwe na boga kidogo, mwiko ukizunguka na kuugonga ukingo wa sufuria, nasi tumekaa kimya kama tuko kanisani. Hakuna aliyekuwa na boga hilo Voi nzima isipokuwa yeye.

Na hakutaka mwingine awe nalo. Hakuuza boga zima hata siku moja. Aliuza vipande, na kila kipande kilikwanguliwa ndani kikawa safi kama sahani iliyolambwa, hata uzi wa mbegu usiuone. Mbegu zilizozidi za kupanda alizikaanga na chumvi akazila mwenyewe njiani. Siku moja Mama alimwomba mbegu tano tu. Mama mboga akacheka, akaweka mkono kifuani.

"Dada, sufuria yangu nitakuazima. Mtoto wangu nitakuachia umlee. Mbegu hapana."

Akatueleza sababu bila kuficha. Mama yake alimkabidhi mbegu hizo siku alipoolewa, ndani ya kibuyu chenye majivu, akamwambia kwamba kitu kilicho kwa kila mtu utakibeba kwenda sokoni na utakibeba kurudi. Hakuwa na kitu kingine cha mama yake. Mama hakuuliza tena.

Mwaka ninaokusimulia, mvua za vuli zilidanganya. Mama mboga alipanda, mvua ikakatika, miche ikaungua. Akafungua kibuyu akapanda zilizobaki zote, akakiacha na majivu matupu, akamwomba Mungu. Mungu akamsikia; mvua ikarudi, maboga yakazaa kuliko miaka yote. Halafu mwezi wa kwanza, yakiwa yamekomaa, mengine yameshakatwa na kupangwa ndani ya kibanda, ndovu walitoka ranchini wakapita shambani kwake. Hawakuacha kitu. Walivunja hata kibanda, wakala na yale yaliyokuwa yamehifadhiwa.

Asubuhi yake alikuja kama kawaida, lakini beseni lilikuwa na nyanya za kununua sokoni. Mimi, kwa ujinga wa utoto, nikauliza boga liko wapi. Akakaa chini kwenye veranda, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akasema, "Mama yangu alinipa mbegu, nami nimeipoteza." Alilia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya leso. Mama alimpa chai. Baba, ambaye hakuweza kuacha mzaha umpite hata msibani, alisubiri mama mboga aondoke ndipo akasema, "Wahenga walisema mali ya bahili huliwa na mchwa. Hii imeliwa na ndovu." Mama alimtazama kwa namna ambayo ilimfanya aende ofisini kabla ya saa.

Wiki hizo hizo Baba alipata wazo la mbolea. Dereva wa ofisini alikuwa akipita Ndara mara kwa mara, na Baba akamwomba amletee gunia la kinyesi cha ndovu. Kilikuwa cha bure, kimejaa nyuzi za majani, na hakinuki vibaya. Kinanuka kama nyasi zilizonyeshewa. Kule Chawia watu hutumia samadi ya ng'ombe, mnyama anayetafuna na kucheua mpaka chakula kinakuwa uji. Mtu wa mlimani hakujua kwamba ndovu hatafuni kwa makini. Yeye humeza kama mtu anayechelewa basi. Baba alimwaga gunia zima kwenye vitalu bila kukiozesha kinyesi kwanza, akapanda kabeji zake juu yake, tukamwagia maji ya kuogea.

Baada ya siku kumi, rafiki yangu, uani kwetu kuliota dunia nzima. Kuliota migunga, matikiti, nyanya, mahindi, na majani mengine ambayo mpaka leo sijui majina yake. Kabeji hazikuonekana. Baba alisimama katikati ameshika kiuno, akatoa amri ya pili: kila Jumamosi tung'oe kila kitu ambacho hakukipanda kwa mkono wake.

Tuling'oa. Lakini kwenye kipande changu, karibu na ukuta wa choo, kulikuwa na mche wenye majani mawili manene ya mviringo, na nilipoushika mkono wangu ulikataa. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu za mtoto: ndovu wamekula maboga ya mama mboga, ndovu wamekunya, Baba ameleta. Nikaufunika kwa karai lililotoboka, nikaufunua jioni kuunywesha. Siri hiyo ilidumu wiki mbili. Boga halifichiki, siku moja lilisukuma karai likachungulia, na Baba akaliona.

Nikamweleza hesabu yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ndovu wa Tsavo hawana idadi," alisema. "Sasa wewe unadhani yule aliyekula ndiye huyu aliyekunya?" Akainama aling'oe, maana lilikuwa limeshanyoosha mkono kuelekea kabeji zake. Nililia kilio cha kuitisha watu. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza pande zote mbili, akahukumu: "Maji anayooga ni yake. Kama anataka kumwagia jiwe, amwagie jiwe." Baba alinung'unika kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini aliacha. Masharti yalikuwa mawili tu. Boga lisipate tone la maji zaidi ya yangu, na mama mboga asiambiwe. "Tukimwambia halafu liwe tikiti," Mama alisema, "tutakuwa tumemliza mara mbili."

Miezi iliyofuata ndiyo niliyokuwa mchafu kuliko mtoto yeyote Voi. Nilijipaka masizi. Nilianguka kwenye madimbwi kwa makusudi. Kila asubuhi beseni likitua verandani, nilikimbia kusimama kwenye mlango wa uani ili mama mboga asichungulie, naye akawa anauliza kama nimefanywa askari. Maua ya njano yalifunguka alfajiri, nyuki wakaingia na kutoka wakiwa wamejaa unga, na mengi yalianguka bila kuzaa. Nililihesabu kila moja lililoanguka, nikihuzunika kama aliyefiwa.

Wakati huo kabeji za Baba zilikuwa na vita vyake. Zilipata chawa wa mimea, akawanyunyizia maji ya pilipili na majivu. Zikapata viwavi, tukawaokota kwa vidole. Zilipopona zikagoma kufunga. Zilitandaza majani yao juani kama zimeanika nguo. Baba akaona dawa ni kuzisaidia. Alileta kamba za katani, Voi hapa katani si haba, akazifunga kabeji moja moja, mafundo mawili mawili, ili zijue zinatakiwa kufanya nini. Mama mboga alizichungulia juu ya kichwa changu, na bahati nzuri kipande changu hakikuonekana kutoka pale. "Karani, hizi unazipeleka posta?" akauliza. Kabeji mbili zilifunga kweli, kila moja sawa na ngumi ya mtoto. Tulizila Jumapili moja kwa sherehe, watu wanne, na Baba alifunga macho akitafuna. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha vile juu ya chakula kidogo vile.

Kwenye kipande changu boga lilikuwa moja tu. Lilianza la kijani kabisa, likanitia hofu. Likanenepa, likabapa. Kisha madoa yakatokea, ngozi ikaanza kupata ukijivu, na asubuhi moja nililigeuza kidogo na kuona kitovu. Nilikimbia ndani nikamvuta Mama mkono. Mama alikuja, akaangalia, akaketi juu ya ndoo. Kesho yake beseni lilipotua, alimshika mama mboga mkono akampeleka uani bila kumweleza lolote.

Mama mboga aliliona kutoka mbali. Alitembea polepole, akapiga magoti, akalipapasa, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye kitovu. Halafu akamgeukia Mama, na uso wake haukuwa na furaha hata kidogo.

"Kumbe," alisema. "Miaka yote nawakwangulia vipande, kumbe uliiba mbegu yangu. Nimelia kwenye veranda yako, ukanipa chai, na mbegu unayo."

Niliogopa kwamba mama mboga angebeba beseni lake asirudi tena, na ningekuwa mimi niliyelileta jambo lile. Kwa hiyo nikasema, "Anti, si Mama. Ni ndovu."

Akanitazama. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, gunia, dereva, karai bovu, kinyesi, maji yangu ya kuoga na masizi. Kaka yangu akaenda kuleta gunia lenyewe liwe ushahidi. Mama mboga alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia lile boga, akaangalia ule upande wa Ndara. Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia tena. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka leso ikamdondoka, akakaa kwenye udongo na miguu ameinyoosha.

"Mteja mmoja tu," alisema alipopata pumzi. "Mteja mmoja tu ndiye aliyeondoka na mbegu zangu, na hakunilipa." Akamwomba Mama msamaha, akiwa ameshika mikono yake yote miwili.

Tulingoja kikonyo kikauke, na huo ndio ungojaji mgumu kuliko wote. Boga lilipasuliwa likizo ya mwezi wa nane. Mama mboga alikuja amevaa gauni la kanisani. Alikwangua mwenyewe, akazipanga mbegu moja moja juu ya ungo, nyeupe na nene, nasi tukamzunguka. Nyama ya boga alituachia yote. Ndipo Baba, aliyetaka kuling'oa, akakohoa. "Mama mboga," alisema, "nawe utatukatalia tena?"

Mama mboga alifumbata mbegu zake. Niliona ngumi ile, yenye nyufa za udongo, ikibaki imefumba kwa muda. Alimkumbuka mama yake, nadhani. Kisha akafungua.

"Karani," alisema, "kama ningalimpa dada siku ile aliponiomba, nisingalilia." Akatuhesabia kila mmoja mbegu zake, mimi nikapata za kujaza kiganja. Tangu siku hiyo aliuza vipande vikiwa na mbegu zake ndani, na mwenye kutaka boga zima alipata zima.

Hapo ndipo Voi ilipojaa boga. Baba alizipeleka mbegu ofisini, Mama akazigawa kanisani, kaka akazibadilisha na gololi shuleni. Lilipanda kwenye kuta za vyoo, kwenye paa za mabanda ya kuku, kwenye ua wa zahanati. Hata Chawia Baba alilipanda. Huko lilitoa majani tu kwa baridi, akasema sasa mlima umelipiza kisasi cha kabeji. Likawa kitu cha kawaida. Mtoto aliyewekewa boga kwenye kifungua kinywa alikunja uso.

Miaka ikapita kama ipitavyo. Tulikua tukatawanyika. Baba alistaafu akarudi mlimani, na huko amelala sasa, karibu na kabeji zisizohitaji kamba. Mama mboga naye alitangulia. Mwaka juzi nilipopata kiwanja changu na ua wangu, wazo la kwanza lilikuwa boga. Nikampigia Mama. Akasema ana hakika kaka yangu analo. Nikampigia kaka, anaishi Mwatate. "Si unalo wewe?" akaniuliza. Nikauliza kanisani, nikauliza watu wa ofisi ya Baba waliobaki. Kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi tulikuwa tumetegemeana mji mzima.

Mwisho nikamtafuta binti wa mama mboga, ambaye ana duka la nguo karibu na stendi. Nilipomtajia boga alitabasamu. "Sisi tuliacha kupanda zamani," alisema. "Mama alituambia, hata ikipotea huku msihangaike, mbegu iko kwa karani."

Niliona aibu, sikufichi. Nilikaa kwenye duka lile nikashindwa kununua hata kitambaa. Lakini siwezi kuikumbuka hadithi hii nikabaki na huzuni kwa muda mrefu. Nikifika pale kwenye mwiko wa Mama na kilio changu nacheka mwenyewe. Kwa hiyo siku hizi nanunua maboga. Nikiona boga barabarani Mwatate nasimama, nikiona Maungu nasimama, naligeuza kutazama chini kama lina kitovu. Nyumbani kwangu tunakula boga mara nne kwa wiki, na wanangu wameshanishtaki kwa baba yao. Wauza mboga wananijua. Wakishika kisu kuniuliza wanikatie kipande cha kiasi gani, nawaambia hapana, nipe zima, na mbegu zake.